Tortikolisi: shingo ya mtoto inapovuta upande mmoja tangu kuzaliwa

Tortikolisi ya kuzaliwa nayo ni hali ya msuli mmoja wa shingo kuwa mfupi na mgumu kuliko mwenzake. Msuli huo huanzia nyuma ya sikio, ukashuka kimshazari hadi kwenye mtulinga na mfupa wa kidari. Ukikaza, huvuta kichwa upande wake na papo hapo hugeuza uso upande wa pili. Kwa hiyo mtoto ambaye msuli wake wa upande wa kulia umekaza huinamisha kichwa kulia, kidevu kikielekea kushoto.

Bibi atasema mtoto kalazwa vibaya, jirani atamlaumu aliyembeba. Wasimlaumu mtu. Hali hii huwapata zaidi watoto waliobanwa tumboni, waliotanguliza matako au waliozaliwa kwa shida. Daktari makini hukagua na nyonga pia, maana kwa baadhi yao hazijakaa sawa.

Mama wengi huanza kushtuka wakati wa kunyonyesha: titi moja mtoto analipenda, jingine analikataa. Wengine hupapasa uvimbe mgumu ndani ya msuli, ambao hujitokeza wiki chache baada ya kuzaliwa. Uonwe na daktari, lakini ukiwa ni wa tortikolisi si saratani, na kwa kawaida huyeyuka wenyewe baada ya miezi kadhaa. Kinachoweza kubaki nyuma ni kisogo kubonyea upande mmoja, kwa kuwa mtoto hulalia palepale kila siku.

Tiba kubwa ni mikono ya mzazi. Mtaalamu wa fiziotherapia humwonyesha namna ya kunyoosha shingo taratibu, mara kadhaa kwa siku, kwa mfano kila anapobadilisha nepi. Mwite mtoto, mwekee kichezeo upande asiopenda kugeukia. Akiwa macho, mlaze kifudifudi ukimwangalia. Usingizini alale chali. Wanaoanza kabla ya miezi mitatu hupona vizuri, wengi mno. Upasuaji ni wa wachache, na aghalabu husubiri mtoto apite mwaka mmoja.

Kuchua kwa nguvu au kuvuta shingo, hapana. Wakati mwingine kilichopinda si msuli bali mifupa ya shingo, au mtoto huinamisha kichwa kwa sababu ya macho, hivyo uchunguzi utangulie. Na mtoto aliyekuwa mzima, shingo ikapinda ghafla pamoja na homa au baada ya kuanguka, huyo hana tortikolisi ya kuzaliwa nayo: apelekwe hospitali siku hiyohiyo.