Uhuishaji wa mji: maana yake kando ya Mto Nairobi

Kuhuisha ni kukirudishia uhai kitu kilichozorota. Katika mipango ya miji, uhuishaji ni kazi ya kulifufua eneo ambalo viwanda, reli au bandari vililijenga kisha vikaliacha. Jijini London, kituo cha umeme cha Bankside kando ya mto Thames kilifungwa mwaka 1981, na mwaka 2000 jengo lilelile, na bomba lake la moshi, likawa jumba la sanaa la Tate Modern. Kwetu Nairobi, ghala moja la Industrial Area liligeuzwa mwaka 2003 kuwa kituo cha sanaa cha GoDown.

Kuhuisha si kubomoa ukajenga upya. Tingatinga halichagui. Anayehuisha huanza kwa kutazama kilichopo, na hapo ndipo urithi unapoingia.

Tukitaja urithi wengi huwaza majengo ya mawe ya enzi ya ukoloni, na kweli hayo yanastahili kulindwa. Lakini shuka Kamukunji, karibu na Mto Nairobi. Utasikia nyundo kabla hujamwona anayeigonga. Bati na mapipa makuukuu yanageuka majiko, karai, sufuria na yale masanduku ambayo wengi wetu tulibeba tukienda bweni. Fundi wa jua kali hakusomea kazi hiyo darasani. Alisimama kando ya aliyemtangulia, akatazama, akapewa nyundo. Ujuzi wa namna hii huitwa urithi usioshikika, na UNESCO ina mkataba wa kuulinda tangu mwaka 2003.

Ndiyo maana dhana hii haiwezi kuletwa Nairobi jinsi ilivyo. Bankside mitambo ilikuwa imeshazimwa. Kamukunji na soko jirani la Gikomba kazi inaendelea, na mteja yuko mlangoni. Mto wenyewe, uliopewa jina na Wamaasai kwa maji yake baridi, unahitaji kusafishwa sana, na ninautakia hivyo kwa moyo wote. Ila kingo zikipandwa nyasi na fundi akahamishiwa mahali mteja wake hafiki, eneo hilo limerembeshwa tu. Halijahuishwa.

Basi ramani ya mradi ikiletwa kwenye kikao cha wananchi, tafuta kwanza vibanda vya mafundi vimechorwa wapi, na mkokoteni wenye mabati utapitia njia gani.