Upasuaji wa kupunguza unene si dawa ya wavivu

Ukitaja upasuaji wa kupunguza unene hapa Moshi, shangazi ana jibu tayari: “Acha uvivu mwanangu, punguza mtori, tembea mpaka Kibosho.” Ushauri wa kutembea si mbaya. Kosa liko kwenye neno uvivu.

Mwili ukipungua kwa kujinyima, hupigana. Homoni ya njaa iitwayo ghrelini hupanda, na mwili huanza kubana matumizi ya nguvu. Ndiyo maana wengi hupungua kilo kumi, kisha zikarudi, na wanaonekana hawana msimamo. Katika aina moja ya upasuaji huu, takriban asilimia 80 ya tumbo la chakula huondolewa, pamoja na sehemu inayotoa ghrelini nyingi. Njaa yenyewe hupungua, si ukubwa wa sahani tu.

Kazi haiishii hapo. Wiki za kwanza ni vyakula vya majimaji, halafu vidonge vya vitamini maisha yote. Mbege nayo hulewesha haraka kuliko zamani (wajomba wasikie hilo). Na uzito unaweza kurudi.

Haumfai kila mtu pia. Mwongozo wa Marekani wa 1991 ulitaka uwiano wa uzito na urefu (BMI, yaani kilo ukigawanya kwa urefu wa mita mara urefu huohuo) wa angalau 40, au 35 ukiwa na maradhi kama kisukari; mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo vilishusha hadi 35 hata bila maradhi. Namba hizo mpelekee daktari. Shangazi mpelekee ndizi.