Kuongezewa chembe sahani: kazi yake kwenye damu na kwenye mishipa

Mfuko anaotundikiwa mgonjwa wa lukemia, yaani saratani ya damu, mara nyingi una majimaji ya manjano yenye ukungu. Hayo ndiyo makazi ya chembe sahani, vipande vidogo vya seli vinavyotengenezwa kwenye uboho wa mifupa. Mtu mzima mwenye afya huwa na 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Lukemia huujaza uboho seli changa zisizokomaa, kisha tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, huufyeka, na hesabu yaweza kuanguka chini ya 10,000. Hapo kwa kawaida madaktari huongeza, hata kama mgonjwa havuji damu popote.

Kwa nini, na jeraha hana?

Kuganda kwa damu wengi wanakujua: mshipa ukikatika, chembe sahani hujibandika penye tundu, hushikana zikawa kizibo, na juu yake protini za damu husuka nyuzi za kukikaza. Kisichosemwa sana ni kwamba chembe sahani hutunza pia mishipa mizima. Zikiadimika, kuta za kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, hupungua unene, maungio ya seli zake hulegea, na chembe nyekundu huanza kupenya. Angalia miguu ya mgonjwa, kuanzia kwenye vifundo: utaona vidoa vyekundu vidogo kama ncha ya sindano, visivyofifia ukivibonyeza. Hakugongwa na kitu. Utunzaji huo unakadiriwa kula chembe 7,000 hivi kwa kila maikrolita kwa siku, basi mwenye chini ya 10,000 amebakiwa na akiba ndogo mno.

Nyongeza hudumu siku chache tu. Homa, maambukizi, bandama lililovimba au kingamwili za mgonjwa mwenyewe huzimaliza upesi zaidi, ndiyo maana wengine hupimwa tena ndani ya saa moja baada ya mfuko kuisha: hesabu isipopanda, huenda akatafutiwa mchangiaji anayelingana naye zaidi.

Tena mfuko huo hauponyi kila uvujaji. Katika lukemia kali ya promielositi, aina mojawapo ya saratani hii, ugonjwa wenyewe huteketeza protini za kugandisha, kwa hiyo mgonjwa huhitaji pia plazma, yaani majimaji ya damu yenye protini hizo, au faibrinojeni, mojawapo ya protini hizo, na chembe sahani hutunzwa zisishuke chini ya 30,000 hadi 50,000. Tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, huanzishwa mara tu ugonjwa huo unaposhukiwa, bila kungoja majibu yote ya maabara.