Rangi ya waya wa thamostati si mwongozo

Kwa miaka mingi wenye nyumba Marekani wameambiana kwamba ukibadilisha mwenyewe thamostati, kile kifaa cha ukutani kinachoongoza joto na ubaridi wa nyumba, fuata rangi za nyaya tu: nyeupe ya joto, njano ya ubaridi, kijani ya feni. Hiyo ni desturi ya mafundi, si sheria. Aliyeifunga mwanzo huenda alitumia waya wowote aliokuwa nao mkononi. Kinachohesabika ni herufi iliyoandikwa mahali waya ulipofungwa: R (umeme unaoingia), W (joto), Y (ubaridi), G (feni), C (njia ya umeme kurudi). Zima umeme kwanza, piga picha, bandika kila waya herufi yake, ndipo uuchomoe.

Na tafadhali, ukikuta nyaya nene zilizofungwa kwa vifuniko vya kusokota, usiendelee, muite fundi. Huo si umeme mdogo wa volti 24 wa thamostati za kawaida. Ni 120 au 240, unaweza kuua.