Usiitoe betri: maswali na majibu kuhusu moto wa nyumbani msimu wa baridi na sikukuu

Haya ni maswali yanayorudi kila mwaka kutoka kwa familia za Waswahili zinazoishi Marekani, baridi inapoanza na maandalizi ya sikukuu yanapopamba moto.

Kwa nini nyumba nyingi huungua wakati huu?
Mapishi makubwa na hita hukutana. Siku ya Thanksgiving ndiyo inayoongoza mwaka mzima kwa mioto inayoanzia jikoni, na Krismasi haiko mbali. Mishumaa na mti wa Krismasi uliokauka navyo huchangia, lakini jiko ndilo la kuchunga kwanza.

Kengele ya moshi hulia kila nikikaanga. Je, niitoe betri, nitairudisha baadaye?
Hapana. Usiitoe. Hiyo "baadaye" haifiki: wageni wakiondoka mmechoka, vyombo vimejaa sinki, na betri inabaki kwenye droo ya vijiko hadi Machi. Kengele nyingi zina kitufe cha kuinyamazisha kwa dakika chache. Kibonyeze, washa feni ya juu ya jiko, fungua dirisha. Ikiendelea kulia kila siku, basi iko karibu mno na jiko. Inatakiwa iwe mbali angalau futi 10, yaani mita 3. Mwambie mwenye nyumba aihamishe.

Basi niifunike kwa mfuko wa plastiki jioni moja tu?
Hapana. Moshi lazima uingie ndani ya kengele ndipo ilie. Ukiifunika, ni kama huna kengele.

Lakini moshi ukiingia chumbani, si nitasikia harufu na kuamka?
Hapana, na hili ndilo linaloua watu. Aliyelala usingizi hanusi kama aliye macho. Isitoshe, moshi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomlegeza mtu azidi kulala. Makochi ya sponji huwaka kwa kasi. Tangu kengele ilie unaweza kuwa na dakika 2 tu, au pungufu, za kutoka. Bila kengele huzipati hata hizo. Watoto wengi huendelea kulala hata ikilia, kwa hiyo pangeni leo nani atambeba nani na mtakutania wapi nje.

Zinatakiwa ngapi?
Moja ndani ya kila chumba cha kulala, moja nje ya vyumba hivyo, na moja kila ghorofa. Zijaribu kila mwezi kwa kubonyeza kitufe. Mlio mfupi unaojirudia kila baada ya nusu dakika au dakika ni betri inayoisha: weka mpya, usiing'oe kengele. Nyuma yake kuna tarehe. Ikipita miaka 10, ibadilishwe. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani hufunga kengele bure katika maeneo mengi.

Mafuta ya sambusa yakishika moto nifanye nini?
Telezesha kifuniko juu ya sufuria kuanzia upande wako, zima jiko, uiache hapo hapo hadi ipoe kabisa. Usimwage maji: huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha juu yakiwa yanawaka. Na tafadhali, usiibebe kuipeleka nje. Mafuta humwagika njiani, na mbebaji huungua mikono, mapaja na miguu kwa mpigo. Mafuta hutoa moshi kabla ya kuwaka, ukiuona, zima.

Hita ndogo ya umeme ni salama?
Ikiwa futi 3 kutoka kwenye pazia, kitanda na kochi, imechomekwa moja kwa moja ukutani, na inazimwa mnapolala. Hita ya wati 1500 huvuta takriban ampia 12.5, ekstensheni nyembamba huchemka, na mara nyingi imefichwa chini ya zulia. Oveni si ya kupashia nyumba joto. Jiko la mkaa ndani? Kamwe, hata dirisha likiwa wazi. Kichwa kikiwauma na kichefuchefu kikiwashika wote kwa pamoja, msidhani ni mafua: huenda ni kaboni monoksidi. Tokeni.

Nimeungua. Nipake dawa ya meno?
Hapana. Wala siagi, yai au unga. Vitu hivyo hushikilia joto, na hospitalini vitabidi viondolewe kwenye kidonda kibichi. Vua pete na bangili, weka sehemu iliyoungua chini ya maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Barafu hapana. Uende hospitali siku hiyo hiyo, si siku ya tatu, ikiwa jeraha linazidi kiganja cha aliyeungua, liko usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, au ngozi imekuwa nyeupe na haiumi.

Nilivuta moshi lakini najisikia vizuri. Nisubiri asubuhi?
Usisubiri. Sauti inayokwaruza, masizi puani au nywele za pua zilizoungua ni dalili kwamba koo linaweza kuvimba na kuziba, na huchukua saa kadhaa kujionyesha. Ukiwa tayari uko nje, piga 911, taja anwani, kisha sema "Swahili" ili uunganishwe na mkalimani.