Sutie kati ya namba mbili: maswali kutoka Bukavu

Kwenye mutumba wa Kadutu nimekuta sutie (sidiria) tatu: 75B, 34B na 90B. Ipi ni kubwa?

Hakuna, mama. Namba ni ya mkanda unaozunguka kifua, herufi ni ya kikombe, na hizi zote ni namba moja. 75 ni hesabu ya Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, 34 ni ya Uingereza na Marekani, 90 ni ya Ufaransa na Ubelgiji. Mfaransa huongeza 15 juu ya namba ya Mjerumani, basi. Muuzaji akisema "hii 90 ni kubwa kwako", usibishane naye. Ijaribu juu ya blauzi nyepesi.

Fundi amenipima: sentimita 77 chini ya matiti, 94 matitini. Niko 75 au 80?

Uko katikati, na wengi wako hapo. Tofauti yako ni 17. Kwa hesabu ya Ulaya, tofauti ya 15 hivi ni kikombe B, 17 ni C, 19 ni D. Anza na 75C. Kama vikombe vinakukaa vizuri lakini mkanda unakukata mbavu, chukua 80B: ukipanda namba, shuka herufi, kikombe kinabaki na ujazo uleule. Na kama 80C inapanda mgongoni huku vikombe viko sawa, tafuta 75D. Kosa ninaloliona sana ni kupanda namba peke yake. Mkanda unalegea, matiti yanashuka, halafu mtu anakaza kamba za mabegani hadi zinachimba mitaro. Mzigo unabebwa na mkanda. Kamba zinasaidia tu.

Mpya ifungwe kwenye kulabu za nje kabisa, maana itatanuka. Ya mutumba imekwisha tanuka: vuta mkanda kwa mikono miwili, uachie. Usiporudi upesi, irudishe kwenye rundo hata kama ni ya kupendeza.

Nitajuaje kwamba imenikaa?

Inua mikono kama unayeanika nguo. Mkanda ukipanda, ni mkubwa. Ingiza vidole viwili chini yake mgongoni; visipoingia, inabana. Kipande cha katikati kiguse kifua, na waya usikanyage titi. Kisha panda ngazi mbili tatu. Huku kwetu mji wote ni mlima, hilo si jaribio la bure.

Titi moja ni kubwa kuliko lingine. Ni ugonjwa?

Kama ni hivyo tangu ujana, hapana. Ni kawaida kabisa. Chagua kikombe cha titi kubwa, dogo uliwekee kitambaa safi. Titi likibadilika ghafla ni jambo lingine: uvimbe, ngozi kuvutwa ndani, chuchu kutoa damu. Hapo nenda kwa daktari wiki hiyohiyo, usingoje mwisho wa mwezi.

Wanasema sutie ya waya inaleta kansa.

Wanasema. Utafiti uliofanyika Seattle, Marekani, na kuchapishwa 2014, ulilinganisha wanawake wenye kansa ya titi na wasio nayo. Haukuona uhusiano wowote na sutie, yenye waya wala isiyo nayo. Kwa anayenyonyesha, lakini, mimi nashauri aweke waya kando: ukikandamiza titi lililojaa, maziwa yanaweza kuziba na titi likavimba kwa maumivu na homa.

Chini ya matiti ninawashwa na ngozi imekuwa nyekundu.

Mara nyingi ni jasho na fangasi. Msimu wa mvua wengi wetu tunavaa sutie iliyokauka nusu, na hapo ndipo fangasi wanaponenepa. Osha, kausha ngozi vizuri kabla ya kuvaa, badilisha sutie ikilowa. Ya mutumba ifue kwa sabuni na uianike juani kabla ya kuivaa mara ya kwanza. Wiki mbili zikipita bila nafuu, pitia kituo cha afya wakupe dawa ya kupaka.

Na kama namba yangu haipatikani kabisa?

Mpe fundi sutie kuukuu akate kile kipande chenye kulabu, akishone kwenye ile inayokubana. Ni kazi ya dakika chache, na mkanda unapata sentimita tatu nne.