Mfupa Ukipotea Kipande: Kiunzi, Vichocheo na Damu

Ajali ya bodaboda kwenye barabara ya Mtwara kwenda Lindi huweza kuvunja muundi wa mguu. Sehemu ya mbele ya muundi haina nyama, mfupa umekaa chini ya ngozi tu, kwa hiyo hutokeza nje upesi na kuingia mchanga. Wakati wa kusafisha kidonda, daktari hulazimika kutoa vipande vilivyokufa. Ndugu wakiona picha ya eksirei huuliza: "Dokta, pengo hilo litajaa lenyewe?"

Ufa hujaa. Pengo la sentimita kadhaa mara nyingi halijai, maana kovu laini huwahi kuingia kabla ya mfupa. Tiba tunayoiamini zaidi hadi leo ni kuchota mfupa wa mgonjwa mwenyewe nyongani na kuupandikiza. Mfupa huo unakuja na kiunzi (umbo ambalo mfupa mpya hujishikiza unapoota), seli hai na vichocheo vya ukuaji, yaani protini zinazoziamsha seli. Lakini unaacha kidonda cha pili chenye maumivu yake, na kiasi cha kuchota kina kikomo.

Ndiyo sababu ikatafutwa mifupa mbadala ya asili: mfupa wa ng'ombe ulioondolewa protini na mafuta, mfupa wa binadamu aliyejitolea, au matumbawe yaliyoandaliwa kiwandani. (Matumbawe ya kuokota ufukweni Msimbati, Mtwara, hayahusiki kabisa, yana uchafu na vijidudu, na yanahifadhiwa kisheria.) Vitu hivi ni kama fito za nyumba ya udongo: zinaonyesha ukuta upite wapi, ila hazijikandiki.

Mwaka 1965 Marshall Urist wa Marekani alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini, ukipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, huotesha mfupa mpya ndani ya msuli huo. Kilichoziamsha seli za msulini ni protini za kuotesha mfupa zilizokuja kuitwa BMP. Mojawapo, BMP-2, iliidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa upasuaji wa uti wa mgongo, na 2004 kwa muundi uliovunjika na kutoboa ngozi. Kichocheo kingine, VEGF, huita mishipa mipya ya damu.

Kichocheo kikimwagwa kitupu huondoka haraka. Hulowekwa kwenye kiunzi, kwa mfano sponji ya kolajeni (protini ya ngozi na mifupa), ili kitoke polepole. Kipimo kikizidi, nyama huvimba au mfupa huota pasipotakiwa. Uvimbe wa shingoni uliwahi kubana njia ya hewa, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo. Mjamzito, mwenye saratani na mtoto ambaye mifupa yake bado inarefuka hawapewi BMP-2.

Naomba sana hili lieleweke: hakuna kichocheo kinachoshinda usaha, wala mfupa unaochezacheza, wala mguu usiopata damu. Mgonjwa aliyefungwa mianzi ikambana hadi vidole vikawa baridi anatufikia akiwa amepoteza kile ambacho dawa ghali haiwezi kukirudisha. Mfupa ukitoboa ngozi, funika kwa kitambaa safi, usiurudishe ndani, mlete hospitali saa ileile. Na sigara aache, kwani huchelewesha mfupa kuunga.

Ukishauriwa kuwekewa mfupa mbadala, uliza umetokana na nini. Kolajeni nyingine hutokana na ng'ombe, nyingine na nguruwe. Mgonjwa ana haki ya kujua kabla hajatia saini fomu ya ridhaa, na daktari anapaswa kumjibu waziwazi.